Orodha za Mpakani: Taarifa za Afya, Faragha na Utafiti Busia na Tororo, 1902–2022

1. Utangulizi

Kati ya Aprili na Juni 2020, malori yaliyosubiri kuingia Uganda kupitia Busia na Malaba yalipanga foleni ya makumi ya kilomita ndani ya ardhi ya Kenya. Kilichosubiriwa kilikuwa majibu ya vipimo vya UVIKO-19. Kila dereva aliyepimwa aliacha nyuma yake sampuli na mstari mmoja katika orodha: jina, uraia, namba ya simu, namba ya gari na, baadaye, tokeo. Makala hii inahusu orodha hiyo. Inauliza ni nani aliyeruhusiwa kuisoma, kwa lengo gani na kwa muda gani, na kwa nini watafiti wa pande mbili za mpaka mmoja hawakuwa na njia iliyowekwa na sheria ya kuitumia kwa pamoja.

Mjadala wa kisera umezoea kuiweka faragha upande mmoja na utafiti upande mwingine, kana kwamba kinachoongezwa huku lazima kipunguzwe kule. Historia ya Busia na Tororo haiungi mkono mtazamo huo. Hoja ya makala hii ni kwamba, mpakani, faragha na utafiti vilikwama pamoja na kwa sababu ileile: taasisi ya pamoja iliyovunjika mwaka 1977 haikupata mrithi mwenye mamlaka ya kutunza taarifa za afya, na sheria zilizotungwa mwaka 2019 zilimhesabu jirani wa mpakani kuwa sawa na mgeni wa ng'ambo.

2. Mpaka, malale na EATRO, 1902–1977

Mpaka wenyewe ni mchanga. Hadi Machi 1902, eneo lote kutoka Busoga hadi karibu na Naivasha lilikuwa chini ya Himaya ya Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta na jamaa chini ya tawala mbili.

Mabadiliko hayo yalifanyika wakati ugonjwa wa malale ukienea katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Viktoria. Katika miongo miwili ya mwanzo ya karne ya ishirini, ugonjwa huo uliua watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni, hasa Busoga, Buganda na visiwani. Gavana Hesketh Bell aliamuru kuanzia mwaka 1906 watu waondolewe mwambaoni, na wagonjwa wakakusanywa kambini. Katika visiwa vya Ssese, mwanasayansi Mjerumani Robert Koch aliwatibu wagonjwa kwa dawa ya atoksili, ambayo iliwapofusha baadhi yao. Huu ndio mwanzo wa orodha za afya katika ukanda wetu. Zilikusanywa kwa amri, na aliyeandikwa hakuwa na nafasi ya kuuliza maandishi hayo yangefika wapi. Sayansi ilipata taarifa nyingi. Mgonjwa hakuwa na haki yoyote juu yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, utafiti wa malale ulipewa chombo cha kikanda. Shirika la Utafiti wa Malale la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa kifupi EATRO, lilikuwa na makao yake Tororo, likihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki na baadaye chini ya Jumuiya ya mwaka 1967. Sampuli iliyotolewa upande wa Kenya na iliyotolewa upande wa Uganda zingeweza kuhifadhiwa chini ya paa moja na kupewa namba katika mfululizo mmoja. Umuhimu wa mpango huo ni rahisi kuudharau leo. Mbung'o havuki mpaka kwa hati ya kusafiria, na EATRO ilijengwa kwa kukubali ukweli huo.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo lilivunjika nalo. Kenya ilianzisha taasisi yake ya utafiti wa malale huko Muguga, na kituo cha Tororo kikabaki kuwa cha Uganda. Vimelea vyenye namba za EATRO vinaendelea kutajwa hadi leo katika maabara za Ulaya na Marekani: taasisi ilikufa, namba zikabaki. Wakati huohuo, kuanzia mwaka 1976, mlipuko mpya wa malale uliikumba Busoga na, katika miaka ya 1980, ukaenea hadi Tororo. Wagonjwa wa upande wa Kenya walitibiwa Alupe, mwendo mfupi kutoka mjini Busia. Ugonjwa ulikuwa mmoja. Kumbukumbu zake sasa zilikuwa mbili.

Kwa hiyo historia hii ya kwanza ina pande mbili, na zote zinahitaji kukumbukwa. EATRO inathibitisha kwamba kushirikiana katika taarifa za utafiti mpakani kunawezekana na kuliwahi kuwa jambo la kawaida. Lakini ushirikiano huo ulikuwa wa serikali na wanasayansi. Mwenye damu hakuwa mshirika.

3. Barabara, VVU na hukumu ya mwaka 2016

Funzo la pili lilikuja kwa barabara. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwamo Job Bwayo, waliwachunguza madereva wa malori wa masafa marefu katika kliniki ya kando ya barabara kuu itokayo Mombasa. Tafiti za aina hiyo zilisaidia kuelewa jinsi VVU vilivyosambaa katika ukanda wa kaskazini wa uchukuzi. Pia ziliacha athari ambayo haikukusudiwa: katika mazungumzo ya watu, dereva wa lori na miji kama Malaba na Busia vikawa visawe vya ugonjwa. Taarifa zisizo na jina la mtu yeyote ziliweza bado kulichafua kundi zima. Hili ni jambo ambalo sheria za faragha, zinazomlinda mtu mmojammoja, huwa hazilioni.

Kutokana na VVU ndipo Kenya ilipoanza kuwa na sheria ya wazi kuhusu usiri wa afya, kupitia Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na Ukimwi ya mwaka 2006. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 31, ikaongeza haki ya faragha, ikiwamo haki ya mtu kutodaiwa wala kufichuliwa bila sababu habari za familia yake au za mambo yake binafsi. Haki hiyo ilipimwa mahakamani. Mnamo Februari 2015, agizo la Rais lilitaka zikusanywe taarifa za watu wanaoishi na VVU, wakiwamo watoto wa shule, kwa namna ambayo ingewatambulisha. Mnamo Desemba 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba. Nia njema ya kuwapelekea watu huduma haikutosha kuhalalisha orodha yenye majina. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 nayo, katika ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu, makazi yake na mawasiliano yake. Hivyo kabla ya janga la UVIKO-19, kanuni ya msingi ilikuwa imekwisha kuwekwa pande zote mbili.

4. Sheria mbili na jengo moja

Mwaka 2019 nchi zote mbili zilitunga sheria kamili za ulinzi wa taarifa binafsi: Uganda mwanzoni mwa mwaka, na Kenya mwezi Novemba. Sheria hizo zinafanana katika mambo ya msingi. Zote zinazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Zote zinafungua mlango kwa utafiti na takwimu, kwa sharti kwamba matokeo yasichapishwe kwa namna inayomtambulisha mhusika. Zote pia zinaweka masharti kwa taarifa zinazopelekwa nje ya nchi: pawe na ulinzi unaotosha huko ziendako au ridhaa ya mhusika. Kwa taarifa nyeti kama za afya, sheria ya Kenya inadai vyote viwili, ridhaa na uthibitisho wa ulinzi.

Tatizo liko katika maneno "nje ya nchi". Mnamo Februari 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani cha Busia. Katika utaratibu huo, unaoongozwa na sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016, msafiri husimama mara moja tu, katika nchi anayoingia, na maofisa wa nchi mbili humhudumia katika jengo moja. Ofisa wa Kenya hufanya kazi ya Kenya akiwa ameketi katika ardhi ya Uganda, na wa Uganda vivyo hivyo upande wa pili. Kwa mizigo, forodha na uhamiaji, Jumuiya ilikubali kwamba mstari wa mpaka unaweza kupita katikati ya meza. Kwa taarifa binafsi, hakuna sheria iliyolisema hilo. Tukizisoma sheria za 2019 kama zilivyoandikwa, karatasi ya majibu inayotoka dawati moja kwenda dawati la jirani yake, hatua tatu mbali, inahesabiwa sawa na karatasi iliyotumwa ng'ambo ya bahari.

Kulikuwa pia na pengo la wasimamizi. Kamishna wa kwanza wa Data wa Kenya aliapishwa Novemba 2020. Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Uganda ilianza kazi Agosti 2021. Miezi ambayo taarifa nyingi zaidi zilikusanywa kwa haraka zaidi mpakani ilikuwa miezi ambayo hapakuwa na ofisi ya kumpokea dereva mwenye malalamiko, wala ya kumjibu mtafiti aliyetaka kujua anaruhusiwa kufanya nini.

5. Mwaka 2020: hesabu, uraia na mfumo wa kielektroniki

Kenya ilitangaza kisa chake cha kwanza tarehe 13 Machi 2020, na Uganda tarehe 21 mwezi huohuo. Mipaka ilifungwa kwa abiria, ikabaki wazi kwa mizigo. Kuanzia hapo dereva akawa karibu mtu pekee wa kuvuka kihalali, na macho yote yakamwelekea. Matangazo ya kila siku ya Uganda yalitaja uraia wa madereva waliokutwa na virusi na kituo walichoingilia. Katikati ya Mei, Rais Museveni alitangaza kwamba madereva wa kigeni wasihesabiwe katika jumla ya Uganda, na jumla ya kitaifa ikapungua. Kenya nayo ilitangaza idadi ya madereva wa kigeni waliokutwa na virusi na kurudishwa walikotoka.

Kwa mwanahistoria wa takwimu, uamuzi huo una uzito mkubwa. Mtu aliyepimwa Malaba na kurudishwa aliweza kuachwa nje ya hesabu za nchi zote mbili, au kuingia katika zote mbili, kutegemea nani alimwandika. Hapakuwa na namba ya pamoja ya kumfuatilia. Wakati huohuo, mtu huyohuyo alikuwa ameanikwa: uraia wake, kazi yake na mahali alipopita vilikuwa vimetangazwa. Taarifa zilitosha kumnyoshea kidole, lakini hazikutosha kujibu swali la kitaalamu kuhusu njia ya maambukizi. Matokeo yake yalikuwa ya kutarajiwa. Palipo na aibu na kucheleweshwa, watu hutafuta njia za panya, na mpaka wa Busia na Malaba unazo nyingi.

Jibu la Jumuiya lilianza na miongozo ya Aprili 2020, kisha maabara zinazohamishika zilizofadhiliwa na Ujerumani, na katika nusu ya pili ya mwaka ukaja Mfumo wa Kikanda wa Kielektroniki wa Kufuatilia Mizigo na Madereva. Kupitia programu ya simu, tokeo la dereva liliweza kuonekana na maofisa wa nchi nyingine, na mwendo wake kufuatiliwa. Mfumo huo ulikuwa hatua kubwa. Kwa mara ya kwanza tangu EATRO, taarifa ya afya ya mtu mmoja ilitambuliwa kikanda. Lakini tofauti yake na EATRO inaonekana katika jina lenyewe. Mzigo umetajwa kwanza, dereva baadaye, na utafiti haumo. Ulikuwa chombo cha biashara kilichobeba taarifa za afya.

Kwamba mambo hayakuwa yametulia kulionekana Januari 2022, pale Uganda ilipowataka madereva wote wapimwe upya wanapoingia kwa ada ya dola 30. Madereva waligoma, foleni ikarudi, na sharti hilo likaondolewa mwezi huohuo. Mgomo ulihusu fedha na muda, na pia cheti kilichokubalika upande mmoja na kukataliwa upande wa pili.

6. Utafiti ulipata nini, ukakosa nini

Haitakuwa haki kusema kwamba utafiti haukufanyika. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda iliyoko Entebbe, pamoja na washirika wake, ilichapisha mwaka 2020 uchambuzi wa vinasaba vya virusi vilivyoingia nchini. Ulionyesha kwamba koo za virusi zilifuatana kwa karibu na mahali wasafiri walikotoka, wakiwamo madereva wa malori. Kenya nako, kituo cha taasisi ya KEMRI kilichoko Alupe kilipima sampuli za mpakani. Uchunguzi wa kingamwili miongoni mwa madereva na wasaidizi wao nchini, uliofanyika karibu na Oktoba 2020, ulikuta zaidi ya asilimia 40 wakiwa na dalili za maambukizi yaliyopita.

Matokeo hayo mawili yanazungumzia watu walewale wa barabara ileile. Hata hivyo kila moja lilisimama upande wake wa mpaka. Ukoo wa virusi uliosomwa Entebbe haukuwa na daraja la kisheria la kuunganishwa, kwa msimbo usiotaja jina, na kingamwili zilizopimwa Kenya. Mtafiti mwangalifu aliyeogopa kuvunja sheria alibaki na nusu ya picha. Ofisa asiyejali aliweza kutuma orodha nzima kwa simu bila kuulizwa. Sheria isiyo na utaratibu humzuia mwadilifu na kumwacha asiye mwadilifu.

7. Siri, faragha, idhini na ridhaa

Sehemu ya tatizo ni ya lugha. Sheria zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mpakani watu huzungumza Kiteso, Kisamia, Kidhopadhola, Kiluganda na, baina ya jamii na baina ya nchi, Kiswahili. Hata ndani ya Kiswahili istilahi hazijatulia: Kenya husema "data", Tanzania katika sheria yake ya mwaka 2022 husema "taarifa binafsi".

Tofauti mbili zinastahili kuzingatiwa. Ya kwanza ni kati ya siri na faragha. Siri ni jambo ambalo watu wawili wamekubaliana lisitoke. Faragha, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba dhana ya utupu na nafasi, ni eneo la mtu ambalo wengine hawaingii bila sababu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wakati wa milipuko methali hii hupatikana kirahisi kwa kumshurutisha mgonjwa. Lakini methali inamtaka aseme kwa anayeweza kumtibu. Haimtaki atangazwe. Anayeifungua siri yake kwa mganga hajaisalimisha faragha yake kwa umma.

Tofauti ya pili ni kati ya idhini na ridhaa. Idhini ni ruhusa inayotolewa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Fomu nyingi hutumia maneno haya kama visawe. Dereva ambaye mzigo wake hauvuki bila kutia sahihi anaweza kutoa idhini, lakini ni vigumu kudai kwamba ameridhia. Kwa hiyo sheria inayoegemeza uhamishaji wa taarifa za mpakani juu ya ridhaa inaegemea kitu ambacho mazingira hayo hayawezi kukizaa. Ni uaminifu zaidi kusema kwamba upimaji hufanyika kwa wajibu wa kisheria wa afya ya umma, kisha wajibu huo uwekewe mipaka mikali. Ridhaa halisi iombwe kwa utafiti peke yake, mahali pengine na wakati mwingine, ambapo kukataa hakumgharimu mtu safari yake.

8. Hitimisho na mapendekezo

Mambo manne yanafuata kutokana na historia hii.

Kwanza, Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Mkataba wake wa 1999 katika ibara ya 118 unazitaka nchi wanachama zishirikiane katika afya, ikubaliane kwamba taarifa za afya ndani ya vituo vya pamoja vya mpakani ni aina ya pekee, isiyo ya ndani kabisa wala ya ng'ambo. Kilichofanyika kwa forodha kinaweza kufanyika kwa majibu ya maabara.

Pili, malengo matatu yatenganishwe tangu siku ya kwanza: kuruhusu kuvuka, kufuatilia waliokutana na mgonjwa, na utafiti. Kila lengo liwe na muda wake na wasomaji wake. Jina linahitajika kwa malengo mawili ya kwanza kwa siku chache. Kwa la tatu, msimbo unatosha.

Tatu, awepo mtunzaji wa pamoja wa misimbo hiyo. Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Bujumbura, inaweza kupewa jukumu hilo, na mamlaka zinazosimamia utafiti Kenya na Uganda zikubali tathmini moja ya maadili kwa tafiti za mpakani. Huko kungekuwa kuirudisha EATRO ikiwa na kile ilichokosa: haki za mwenye damu.

Nne, maelezo anayopewa mtu mpakani yaandikwe kwa Kiswahili na lugha za mpakani kabla ya mlipuko, yakitenganisha idhini na ridhaa, na yakitaja ofisi ya malalamiko ya kila upande. Hiyo ni kazi ambayo vyama vya Kiswahili vya kanda hii vina uwezo wa kuianza bila kusubiri Bunge lolote.

Haya hayawezi kungoja. Mwishoni mwa Julai 2024, Kenya ilitangaza kisa chake cha kwanza cha mpox. Kiligunduliwa katika kituo cha mpaka huko Taita Taveta, kwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda. Nchi tatu zilihusika na mtu mmoja na sampuli moja, na swali la nani anaruhusiwa kuisoma orodha bado halijapata jibu la pamoja.